Spika Zinapokataa Kuwaka: Kagua Kabla ya Kulipa

Spika ndefu za sinema ya nyumbani hununuliwa kwa fedha nyingi. Zinapozimika ghafla, wengi wetu hukimbilia kwa fundi au kununua nyingine, ilhali huenda hitilafu iko nje ya spika. Katika somo hili tunamwelekeza mlaji kuufuatilia umeme kuanzia ukutani hadi kwenye spika, bila kufungua chombo.

Tambua aina ya spika zako

Zipo spika zenye amplifaya ndani na waya wa umeme nyuma. Zipo pia zisizo na waya wa umeme, ambazo hupata nguvu zote kutoka kwenye amplifaya iliyo kando. Hizi za pili zikinyamaza, kagua amplifaya na nyaya zinazoziunganisha. Aidha, katika jozi nyingi za aina ya kwanza, spika moja ndiyo yenye amplifaya, nayo huilisha mwenzake. Mwenzake akinyamaza peke yake, umeme wa ukutani hauna lawama.

Hatua za ukaguzi

1. Chomeka taa au chaja ya simu katika soketi ileile. Isipowaka, hitilafu iko kwenye soketi au ekstensheni. Ikiwaka, chomeka spika moja kwa moja ukutani.

2. Kagua waya wa umeme na fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zilezile. Mpya nayo ikiungua papo hapo, acha; hitilafu iko ndani.

3. Hakikisha swichi kuu iliyo nyuma imewashwa. Rimoti haiwezi kuwasha chombo ambacho swichi hiyo imezimwa. Vyombo vingi pia hujizima vyenyewe visipopokea sauti kwa muda.

4. Chomoa plagi, subiri dakika chache, kisha uchomeke tena.

5. Chombo kikiwaka kisha kujizima, au taa yake ikipepesa, huenda kinajilinda dhidi ya joto au nyaya zinazogusana. Kichomoe, kiache kipoe, ondoa nyaya zote za spika, kisha ukiwashe. Kikidumu kuwaka, amplifaya huenda ni nzima. Rudisha nyaya moja baada ya nyingine, ukizima na kuchomoa kila mara, hadi umpate mkosaji. Uzi mmoja mwembamba wa shaba uliochomoza unatosha kuleta tatizo.

Mambo ya kuepuka

Usiweke waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi huungua ili nyumba isiungue. Ukiiziba njia hiyo, umeukaribisha moto. Usifungue chombo, kwani kapasita zilizomo huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme ukikatika, chomoa plagi, na urudipo subiri utulie ndipo uchomeke.

Unaponunua

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na cha Marekani volti 120. Kikichomekwa hapa bila transfoma ya kushusha umeme, kitaungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Kama kina swichi ya kuchagua volti, hakikisha imeelekezwa kwenye 220 au 230.

Ukaguzi usipofaulu

Ikiwa muda wa dhamana haujaisha, kirudishe chombo kwa muuzaji pamoja na risiti na kadi ya dhamana. Usimruhusu fundi wa mtaani kukifungua kwanza, kwani lakiri iliyovunjwa huweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa dai lako. Mweleze hatua ulizofuata na ulichokiona. Akikataa bila sababu ya haki, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani (FCC), yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Risiti ndiyo shahidi wako wa kwanza, itunze.