Somo: Lenzi ya Bei Kubwa na Mfuko Wetu

Ndugu wanachama, mwenzetu aliyepunguzwa kazini hapa Juba sasa anaishi kwa kupiga picha. Ameomba mkopo katika mfuko wetu anunue lenzi mpya ya picha za uso. Tusikubali wala kukataa kabla ya kupiga hesabu.

Mwaka 2017 Canon ilitoa lenzi ya milimita 85, tundu 1.4, kwa dola 1,600 hivi. Ile ya milimita 50, tundu 1.8, ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125 hivi. Kamera yake bamba la kupokea mwanga ni dogo, kwa hiyo hiyo 50 huona kama 80: uso hutoka vizuri, pua haivimbi.

Anayelipa zaidi hupata nini? Mwanga mara 1.6 hivi. Huo unafaa arusi za usiku. Lakini yeye kazi yake kubwa ni paspoti na vitambulisho, na kwa jua letu hili mwanga si shida! Tena tundu likiachwa wazi sana, jicho huonekana na sikio likafifia; ofisi yaweza kuikataa picha hiyo. Itambidi alibane mpaka 8, na hapo lenzi zote mbili karibu ni sawa.

Tuseme kila picha humwachia faida ya dola 1. Tofauti ya bei ni picha 1,475 kabla hajala. Na wenzake wanaongoja mkopo wa karo je?

Mimi napendekeza akopeshwe ile ndogo, pamoja na taa. Mwenye kuona vingine aje mkutanoni na hesabu yake.