Mishipa ya Fahamu na Kazi ya Maumivu

Katika masomo yaliyopita tulisoma habari za moyo na damu, na za tumbo na chakula. Leo tutasoma habari za viungo vinavyotawala vingine vyote, ndivyo ubongo, ugwe wa mgongo, na mishipa ya fahamu.

1. Ubongo

Ubongo umo kichwani. Ni kitu laini, nao umekunjamana mfano wa nguo iliyosongwa ndani ya kikapu kidogo. Uzito wake kwa mtu mzima wapata kilo 1 na gramu 300 au 400. Kwa kuwa ni laini na wa thamani kubwa, Mwenyezi Mungu ameuweka ndani ya fuvu gumu, na kuuzungushia maji ili usigongwe-gongwe mtu anapokwenda mbio au kuruka.

Ubongo una sehemu tatu. Ubongo mkubwa ndio wa kufikiri, kukumbuka, kusema, kuona na kusikia. Upande wake wa kushoto huamuru mkono na mguu wa kuume, na upande wa kuume huamuru wa kushoto. Ubongo mdogo uko nyuma, chini ya ule mkubwa. Kazi yake ni kulinganisha mwendo wa viungo. Msichana achukuaye mtungi kichwani bila kuushika autegemea ubongo huo. Sehemu ya tatu ni shina la ubongo, ambalo huangalia pumzi na mapigo ya moyo usiku na mchana, hata tukiwa usingizini.

2. Ugwe wa mgongo na mishipa

Kutoka katika shina la ubongo washuka ugwe mweupe, mnene kama kidole cha mwisho cha mkono. Urefu wake kwa mtu mzima ni sentimeta 45 hivi, nao wapita katika tundu la mifupa ya uti wa mgongo. Katika ugwe huu hutoka mishipa ya fahamu, jozi 31, na katika ubongo wenyewe hutoka jozi 12. Mishipa hiyo hugawanyika kama matawi ya mti, hata ikaenea mwili mzima.

Msiichanganye mishipa hii na mishipa ya damu. Haina tundu, wala haichukui damu. Ni mafungu ya nyuzi nyembamba sana, na habari hupita ndani yake kwa nguvu ndogo ya umeme. Nyuzi nyingine huleta habari kutoka ngozini, machoni na masikioni. Nyingine huchukua amri kwenda kwenye misuli. Mshipa mmoja wapita nyuma ya kiwiko, karibu sana na ngozi. Ukijigonga hapo, ganzi ya kuchoma hushuka mpaka kidole cha mwisho na jirani yake. Ukumbukeni mshipa huu, maana tutaurudia.

Zamani wataalamu walidhani ya kuwa mbio za habari hizi hazipimiki. Lakini mwaka 1850 Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alizipima kwa mshipa wa chura. Leo twajua kwamba habari nyingine huenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde moja, na nyingine, kama yale maumivu ya kuunguza, huenda mita 1 tu. Ndiyo sababu ukijikwaa wajua kwanza kwamba umegonga jiwe, kisha maumivu yaja nyuma yake.

3. Amri isiyongoja ubongo

Mtoto akigusa chungu cha moto, mkono wake huruka kabla hajasema neno. Nani ameuamuru? Si ubongo. Habari ya moto ilipofika katika ugwe wa mgongo, ugwe ulijibu mara moja, na misuli ikauvuta mkono. Baadaye kidogo ndipo ubongo ulipopata habari, na mtoto akalia. Kama mkono ungalingoja shauri la ubongo, ungaliungua zaidi.

4. Maumivu ni mlinzi

Watu wote huchukia maumivu, na wengi wangependa yasiwepo kabisa. Lakini tazameni hali ya mtu asiyeyasikia.

Ukoma ni ugonjwa uletwao na vijidudu. Armauer Hansen, mganga wa Norway, ndiye aliyevigundua mwaka 1873. Vijidudu hivyo hukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu, hasa mahali ambapo mishipa i karibu na ngozi, penye ubaridi kidogo, kama pale kwenye kiwiko. Mshipa ule ukiharibika, vidole viwili vya mwisho hufa ganzi na kujikunja.

Kwa karne nyingi watu walisema kwamba ukoma wenyewe hula vidole. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa Bara Hindi kwa wazazi wamisionari, alianza kazi Vellore katika nchi hiyo mwaka 1946. Alipoichunguza mikono ya wagonjwa, aliona kwamba nyama ya vidole vyao haikuwa mbovu. Ikipata jeraha, yaweza kupona kama ya mtu mwingine. Vidole viliharibika kwa sababu wenyewe hawakusikia uchungu. Mmoja alishika chuma cha moto asiachie; wa pili alitembea na msumari ndani ya kiatu; wengine waliumwa na panya usiku wala wasiamke. Mlinzi wao alikuwa amekufa, na adui wakaingia.

5. Yatupasayo kufanya

Ukiona katika ngozi yako baka lililofifia rangi au lenye wekundu, nawe hulisikii likiguswa na unyoya, usilifiche kwa sababu haliumi. Kutouma kwake ndiyo hatari yake. Mwambie mzazi au mwalimu, uende hospitali. Ukoma hupona: tangu mwaka 1981 Shirika la Afya la Ulimwengu limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, na mgonjwa huzitumia miezi 6 au 12, bila malipo. Lakini dawa huua vijidudu. Mara nyingi haiwezi kufufua mshipa uliokwisha kufa. Basi aendaye mapema huponya na mkono wake.

Wala tusimkimbie mwenye ukoma. Watu wengi wana nguvu ya asili ya kuushinda ugonjwa huo, na mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi wengine. Aliyekwisha kupoteza fahamu ya mikono na miguu hufundishwa kushika sufuria kwa kitambaa kinene, kuvaa viatu, na kujitazama kila jioni kama ana jeraha. Macho yake hufanya kazi iliyokuwa ya maumivu.

Jambo moja zaidi. Ugwe wa mgongo ukikatika haujiungi tena. Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe au mnazi, na shingo au mgongo wamuuma, au hawezi kuisogeza miguu yake, msimwinue wala kumketisha. Alale hapo alipo, kichwa kisigeuzwe, mpaka waje wajuao kumchukua.

Maswali

1. Taja sehemu tatu za ubongo na kazi ya kila moja.
2. Mishipa ya fahamu yatofautianaje na mishipa ya damu?
3. Kwa nini mkono huondoka motoni kabla ya mtoto kulia?
4. Eleza jinsi vidole vya mwenye ukoma vinavyoharibika.
5. Rafiki yako ana baka lisiloumiza, naye asema, "Si kitu, haliniumi." Utamjibu nini?