Tuhesabu Oda Moja Kwanza

Wadogo zangu mnaouza mtandaoni, wengi mnaniuliza mambo mawili: mtengeneza programu mzuri nimpate wapi, na mwekezaji nimpate wapi? Hamu yenu naielewa na naipenda. Ila kabla hatujafika huko, fungua daftari tuhesabu oda moja.

Tuseme uko Dar es Salaam, unauza magauni. Gauni umelichukua Kariakoo kwa shilingi 22,000, umeliuza 35,000. Kwa macho, faida ni 13,000. Sasa toa bodaboda mpaka Mbagala, 5,000. Toa tangazo la Instagram lililomleta huyo mteja, 3,000. Mfuko na lebo 700, makato ya malipo 800. Umebaki na 3,500. Si haba.

Lakini katika wateja kumi, wawili wakakataa mzigo. Mmoja hapokei simu, mwingine anasema rangi si ile aliyoiona kwenye picha. Bodaboda umemlipa kwenda na kurudi, 10,000 kwa kila mmoja, na tangazo lao ulishalilipia. Wale wanane wamekupa 28,000, hawa wawili wamekula 26,000. Imebaki 2,000, na bado hujanunua bando wala hujajilipa. Biashara ya hivyo, mdogo wangu, ukiiletea oda mia kwa siku utachoka tu. Programu haitaiponya.

Hata wakubwa hesabu hii inawaelemea. Jumia, kampuni ya kuuza mtandaoni, hisa zake zilianza kuuzwa New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo ikafunga soko lake la Tanzania. Copia ya Kenya, iliyoanza 2013, ilichangiwa mamilioni ya dola na wawekezaji, kisha mwaka 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi baada ya kukosa mtaji mpya. Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Tena wazo la Copia nalipenda mpaka leo: mteja aagize na achukue mzigo kwa wakala, mwenye duka la mtaani anayemfahamu.

Na hilo hata wewe unaliweza. Tafuta duka moja Mbagala, kubaliana na mwenyewe umpe kitu kidogo kwa kila mzigo, halafu mpelekee mizigo ya wateja watano kwa safari moja. Kabla bodaboda hajawasha pikipiki, piga simu umsikie mteja akikubali. Omba nauli itangulie kwenye lipa namba. Asiyekuwa na nia utamjua hapohapo. Piga picha mchana, nje, na uandike vipimo vya kifua na kiuno. Kwa wa mikoani, mzigo ukishapanda basi mtumie picha ya risiti na namba ya gari, hata kama hajauliza. Mteja aliyelipa yuko Songea na hakujui. Hicho kimya chako kinamnyima usingizi.

Programu itengeneze siku daftari na WhatsApp vinapokushinda: oda zinapotea, hujui stoo kuna magauni mangapi ya saizi 14. Hapo utamweleza fundi shida halisi, naye hatakujengea mapambo. Mtu wa kwanza kumwajiri awe wa kujibu wateja na kutunza stoo. Pesa ya biashara iwe na laini yake, isichanganywe na ya nyumbani.

Karatasi nazo msizipuuze: sajili jina la biashara BRELA, chukua TIN ya TRA. Na kwa kuwa unatunza majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayokuhusu. Orodha ya wateja usimgawie mtu.

Mwekezaji naye atakuja na swali hilohilo la oda moja. Mwonyeshe daftari la miezi sita, pamoja na mizigo iliyorudi. Usiifiche hiyo, mwonyeshe ilivyopungua na ulichofanya ikapungua.