Kabla ya Kuweka Urea, Maji Yatoke Shambani

Masika yakikolea, mahindi ya bondeni huanza kugeuka manjano, na wakulima wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua urea. Inasikitisha, kwa kuwa mara nyingi fedha hiyo hupotea bure: shida ni mzizi ulioshindwa kula kilichopo.

Kila seli ya mzizi imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini. Maji huupita kirahisi, mengi yakitumia vijia maalumu vya protini. Yenyewe hufuata upande wenye chumvichumvi nyingi zaidi, na mmea haugharimiki.

Nitreti, ambayo urea hugeuka kuwa ikiwa udongoni na ndiyo nitrojeni inayotumiwa zaidi na mahindi, haiingii hivyo. Ina chaji hasi, na ndani ya seli nako kuna chaji hasi, hivyo hukataliwa. Seli hulazimika kusukuma nje ayoni za haidrojeni, na hizo zinaporudi ndani huivuta nitreti pamoja nazo. Kazi hiyo hula nishati, nayo nishati hutokana na mzizi kupumua.

Hapo ndipo maji yaliyotuama yanapoleta hasara. Oksijeni husambaa majini polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko hewani. Mzizi ukikosa hewa, usukumaji hulegea na mmea hushinda na njaa. Mkulima ang'oe mche mmoja aukague: mizizi mizima ni myeupe na imekaza, iliyokosa hewa ni ya kahawia, laini, tena hunuka.

Kosa jingine ni kurundika urea shinani. Maji ya udongo yanayougusa mzizi hukolea mbolea kuliko yaliyomo ndani ya seli, na badala ya kunywa, mzizi hunyonywa. Kingo za majani huungua hata kama mvua ilinyesha jana.

Wenye udongo mfinyanzi wachimbe mifereji sasa, mvua zikipumzika. Maji yakishatoka na majani mapya yakachomoza, ndipo mbolea ya kukuzia iwekwe, kwani sehemu ya nitreti ya awali itakuwa imeoshwa au imegeuzwa gesi na bakteria. Kizibo kimoja cha soda kwa shina kinatosha, umbali wa sentimita 10 hivi, kwenye udongo wenye unyevu, kisha ifukiwe. Urea iliyoachwa juu hupotea hewani.