SOMO LA AFYA: JE, UGONJWA UNASOMWA NDANI YA JICHO?



Kuna watu wanaosema wanaweza kumulika jicho la mtu kwa taa, bila kupima damu wala mkojo, na kumwambia magonjwa yake yote. Kazi hiyo inaitwa iridolojia. Tuichunguze sawa tunavyochunguza jambo lolote darasani.

1. Ilitoka wapi?
Ilianzishwa na munganga wa Hungaria, Ignaz von Peczely (1826–1911). Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto aliona alama ndani ya jicho la bundi aliyevunjika mguu. Baadaye alichora ramani ya ile duara ya rangi inayozunguka kitundu cheusi cha jicho. Aliigawanya vipande, kila kipande na kiungo chake: hapa ini, pale figo.

2. Inasema kweli?
Mwaka 1979, kule Marekani, wasomaji watatu wa jicho walionyeshwa picha za macho ya watu 143. Damu ilikuwa imekwisha kupimwa: watu 48 walikuwa na mafigo mabovu, 95 walikuwa wazima. Msomaji mmoja aliwaita wagonjwa watu 88 kwa kila wazima 100. Mwingine aliwaita wazima watu 74 kwa kila wagonjwa 100 waliohitaji mashine ya kusafisha damu! Mwaka 1988, kule Uholanzi, wengine watano walijaribiwa juu ya ugonjwa wa nyongo. Walishindwa, na wao kwa wao hawakupatana.

Tena, duara hiyo haibadilikibadiliki. Ndiyo sababu HCR, katika nchi nyingi, inaipiga picha ili kutambua wakimbizi. Kama kila homa ingeweka alama mpya, mtu angetambuliwa namna gani?

3. Tusilidharau jicho
Weupe wa jicho ukigeuka manjano, pengine ini ina shida. Ukivuta kope ya chini ukakuta ndani kumepauka, pengine damu imepunguka, sawa kwa mtoto mwenye malaria. Munganga anaangalia hapo, lakini haishii hapo. Anapima damu.

4. Hatari iko wapi?
Mzima akidanganywa, atauza mbuzi kwa kununua dawa asiyoihitaji. Lakini mgonjwa anayeambiwa "wewe uko mzima" atabaki nyumbani. Siku atakapofikishwa hospitali ya Baraka ama ya Nundu, pengine wakati umepita. Mbuzi anarudishwa, mtu harudishwi.

Wengine wanaleta Mathayo 6:22. Someni tangu mstari wa 19: Yesu alifundisha pale juu ya hazina na moyo, si juu ya mafigo.

Kwa hiyo, mtu akikusomea jicho, umuitikie kwa heshima, kisha uende kupimwa damu.

Maswali ya kujadiliana:
a) Kwa nini damu ilipimwa kwanza, mbele ya kuonyesha picha?
b) Nyumbani kwenu, mgonjwa anapelekwa kwa nani kwanza? Kwa nini?