Kulinda kasa: mafunzo kutoka Mafia na Watamu

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameishi na kasa tangu zamani sana. Kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, tayari kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani hii. Watu walikula nyama na mayai, walitumia mafuta kama dawa, na waliuza magamba ng'ambo.

Siku hizi sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kuua kasa na kuchukua mayai yake. Biashara ya magamba kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku na mkataba wa CITES. Lakini sheria haikai ufukweni usiku kucha. Kasa jike anapopanda kutaga usiku, anayeziona nyayo zake alfajiri ni mvuvi anayekwenda kazini, mama anayechokoa pweza, au mtoto anayetafuta kuni. Mtu huyo yuko peke yake na mayai zaidi ya mia. Atakachoamua ndicho kitakachotokea.

Katika makala hii tunaangalia mipango miwili iliyojaribu kumpa mtu huyo sababu nzuri ya kutoa taarifa. Tunaamini mafunzo yake yanawafaa hata wasomaji wetu wanaoishi mbali na bahari, ambao wanalinda misitu, chemchemi au wanyama wa porini.

Tumfahamu kasa

Katika bahari yetu kuna aina tano za kasa. Wanaotaga zaidi katika fukwe zetu ni kasa wa kijani, na kwa uchache ng'amba, ambaye gamba lake zuri ndilo lililotafutwa na wafanyabiashara. Kasa wa kijani aliyekomaa hula majani ya baharini. Ng'amba hula hasa sponji zinazoota kwenye miamba ya matumbawe, na hivyo huyapa matumbawe nafasi ya kukua.

Mambo matatu kuhusu maisha ya kasa ni muhimu kwa yeyote anayetaka kumlinda:

■ Hukomaa polepole. Kasa wa kijani huweza kuchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza.

■ Hutaga mayai mengi, lakini wachache hufikia utu uzima. Jike hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi, na kila kiota huwa na mayai 100 au zaidi. Kisha hupumzika miaka miwili au zaidi. Inakadiriwa kwamba kati ya watoto 1,000 huenda mmoja tu akafikia kuzaa.

■ Husafiri mbali. Watafiti waliwahi kumfuatilia kwa setilaiti kasa wa kijani aliyetaga katika visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Aliogelea karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia.

Kwa hiyo kijiji kinachoyala mayai yote leo hakitaona hasara mwaka huu wala mwaka ujao. Majike wakubwa wataendelea kuja. Hasara itaonekana baada ya miaka 20, majike hao watakapokufa bila warithi. Wakati huo hakuna sheria wala fedha zitakazowarudisha upesi.

Mafia: malipo kwa mayai yaliyoanguliwa

Katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, watu walikuwa wakifukua viota na kuchukua mayai kwa chakula. Mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa kulinda kasa, ambao baadaye ukawa shirika la Sea Sense. Wanavijiji walichaguliwa na kufundishwa kukagua fukwe, kutambua nyayo na kuweka kumbukumbu.

Mpango huo ulitoa malipo kwa awamu mbili. Mtu aliyetoa taarifa ya kiota alilipwa kiasi kidogo kilichowekwa. Baada ya watoto wa kasa kutoka, kiota kilifukuliwa na maganda yakahesabiwa. Mtu yule yule aliongezewa malipo kulingana na idadi ya mayai yaliyoanguliwa.

Tuangalie hekima iliyomo. Kama malipo yote yangetolewa siku ya taarifa, kazi ya mtoa taarifa ingekwisha siku hiyo. Mbwa wakifukua kiota wiki inayofuata, yeye hapotezi kitu. Lakini kama sehemu ya malipo inangoja mayai kuanguliwa, basi kwa takriban miezi miwili mtu huyo anakuwa na shauku na kile kiota. Atamfukuza mbwa. Atamwambia jirani asiwashe moto hapo. Atapita kutazama hata siku asiyotumwa.

Baadaye iliongezwa njia nyingine ya kipato. Katika kisiwa cha Juani, ambako kasa wengi wa Mafia hutaga, wageni huja kutazama watoto wa kasa wakielekea baharini. Wageni hao hulipa ada, na sehemu yake huenda kwa kijiji. Hivyo hata mtu ambaye hajawahi kuona kiota hupata faida.

Watamu: kasa aliyenaswa kwenye wavu

Huko Watamu, Kenya, tatizo kubwa lilikuwa nyavu. Kasa hupumua hewa kama sisi. Akinaswa kwenye jarife na kushindwa kupanda juu, hufa maji. Na mvuvi anayemkuta akiwa hai ana wavu uliochanika, muda uliopotea, na mnyama ambaye angeweza kumuuza kwa siri kwa bei nzuri.

Tangu mwaka 1998, shirika ambalo leo linaitwa Local Ocean Conservation limekuwa likifanya mapatano na wavuvi. Mvuvi akinasa kasa, hupiga simu. Wafanyakazi humfuata, humpima, humfunga kwenye mkono kibati chenye namba, kisha humrudisha baharini. Wakimkuta mgonjwa humpeleka kwenye kituo cha matibabu. Mvuvi hupewa kiasi kidogo cha kumfidia muda na usumbufu. Kwa njia hii kasa wamerudishwa baharini zaidi ya mara 20,000.

Malipo hayo yako chini sana ya bei ya kasa sokoni, na hilo ni la makusudi. Kama yangekuwa makubwa, mtu angeweza kutega wavu ili anase kasa. Mvuvi hapati utajiri, ila hapati hasara pia. Wengi wao wamekubali mapatano hayo.

Tunajifunza nini kuhusu malipo?

■ Lipia matokeo mnayoyataka. Kama lengo ni watoto wa kasa, msilipie taarifa peke yake. Kama lengo ni miti iliyokua, msilipie idadi ya miche iliyopandwa.

■ Fidieni usumbufu, msinunue mnyama. Malipo makubwa huzaa udanganyifu.

■ Lipeni kwa wakati. Mtu aliyeahidiwa na kucheleweshwa atakwenda sokoni mara ijayo, na atawaeleza wenzake sababu.

■ Hakikisheni kabla ya kulipa. Hesabu ya maganda ifanywe mbele ya mashahidi, na daftari liwe wazi kwa kila anayetaka kulitazama.

■ Jiulizeni mapema: fedha za wafadhili zikiisha, nini kitabaki? Mfuko wa kijiji, sheria ndogo zilizopitishwa na wanakijiji wenyewe, na vijana waliofundishwa hudumu kuliko malipo.

Wengine hupinga malipo ya aina yoyote. Husema mtu anapaswa kulinda viumbe kwa sababu ni wajibu. Hatukatai wajibu huo. Lakini mara nyingi maneno hayo husemwa na wenye mishahara kwa watu ambao hawajui watakula nini jioni. Si haki kwamba faida ya kasa iwe ya dunia nzima, na gharama yake yote abebe mvuvi mmoja.

Utafiti unaweza kufanywa na kila mtu

Watu wengi wanadhani utafiti ni kazi ya wenye shahada. Lakini mengi yanayojulikana kuhusu viota vya pwani yetu yalianza kwenye daftari la mwanakijiji. Kikundi chenu kinaweza kuandika mambo haya kwa kila kiota:

– tarehe kilipoonekana na jina la ufukwe
– upana wa nyayo na, ikiwezekana, aina ya kasa
– umbali kutoka alama ya maji makuu ya bamvua
– kama kilihamishwa au kiliachwa mahali pake
– tarehe watoto walipotoka
– idadi ya maganda matupu, mayai yaliyoharibika na watoto waliokufa ndani.

Kiota hufukuliwa siku chache baada ya watoto kutoka, si kabla. Baada ya misimu mitano au sita, daftari hilo litaonyesha kama viota vinaongezeka au vinapungua, na ni ufukwe gani unaohitaji ulinzi zaidi. Daftari kama hilo lina nguvu hata mbele ya maofisa wa serikali.

Kutunza kiota na kasa aliyenaswa

■ Kiacheni kiota mahali pake kama hakitafikiwa na maji. Kama lazima kihamishwe, kazi hiyo ifanywe na mtu aliyefundishwa, katika saa chache za mwanzo baada ya kutaga. Baadaye kijusi hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa hufa.

■ Msikate miti ya ufukweni. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia. Likizidi takriban nyuzi 29 za Selsiasi, wengi huwa majike. Likiwa chini ya hapo, wengi huwa madume. Katika eneo la kaskazini la miamba ya Great Barrier Reef, Australia, utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu 99 kati ya kila kasa 100 wachanga waliotoka katika fukwe hizo walikuwa majike. Kivuli kina kazi kubwa zaidi sasa joto linapoongezeka.

■ Zimeni taa na moto. Watoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga, na usiku wa kawaida upande huo ni bahari. Taa ya hoteli huwapeleka barabarani.

■ Waacheni watembee wenyewe hadi majini. Msiwaweke kwenye beseni ili wageni wawaone kesho. Nguvu wanazozaliwa nazo ni za kuvuka mawimbi ya kwanza.

■ Kasa aliyelegea wavuni huenda hajafa. Msimtupe majini mara moja. Mlazeni tumbo likiwa chini, inueni sehemu ya nyuma ili maji yatoke kwenye mapafu, na mfunikeni kitambaa chenye maji bila kuziba pua. Mwekeni kivulini. Anaweza kuzinduka baada ya saa nyingi.

Nyama ya kasa inaweza kuua

Hili tunaomba lisomwe kwa sauti katika mikutano yenu. Mnamo Novemba 2021 watu saba walikufa huko Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 walilazwa hospitalini.

Baadhi ya kasa hubeba sumu mwilini, ambayo inadhaniwa inatokana na vitu wanavyokula. Kwa kumtazama tu huwezi kujua. Kupika au kukausha nyama hakuondoi sumu, na hakuna dawa ya kuitangua. Watoto wadogo ndio hufa zaidi. Mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa hata kama yeye mwenyewe haumwi sana. Mtu aliyekula na kuanza kutapika, kuungua mdomoni au kuzidiwa na usingizi apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Wazee watasema, “Tumekula miaka yote.” Ni kweli, na ndiyo maana hatari hii ni kubwa. Kasa wa jana kutokuwa na sumu hakusemi lolote kuhusu wa leo. Tangazo la aina hii husikika vizuri zaidi msikitini, kanisani na katika kliniki ya wajawazito kuliko kwenye bango la ofisi.

Habari njema, na tahadhari

Mwezi Oktoba 2025 shirika la IUCN lilimwondoa kasa wa kijani kutoka kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yake duniani kuongezeka. Miongo ya ulinzi wa fukwe na viota imechangia sana. Kwa kila mtu aliyewahi kukesha karibu na kiota, hiyo ni habari ya furaha.

Lakini wastani wa dunia hauelezi hali ya kila ufukwe. Kasa wanaweza kuongezeka kwingine huku kwenu wakipungua. Ng'amba bado yumo katika kundi la walio hatarini kabisa. Na mtoto wa kasa aliyetoka mwaka huu atarudi kutaga baada ya miaka 20 au zaidi, pengine karibu na mahali alipozaliwa. Watakaomkuta alfajiri hiyo ni watoto wetu. Tuwafundishe sasa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika eneo letu, nani huwa wa kwanza kuona mnyama, mti au chemchemi inayohitaji kulindwa? Ana sababu gani ya kutoa taarifa?

2. Nani anapata faida ya ulinzi huo, na nani anabeba gharama? Je, mgawanyo huo ni wa haki?

3. Tumewahi kuona mradi uliolipia kitu kisichokuwa lengo lake? Matokeo yalikuwa nini?

4. Kama tungeanza daftari la kumbukumbu mwezi huu, nani angeliandika, na lingehifadhiwa wapi?

5. Tutawafikishiaje habari za sumu ya nyama ya kasa akina mama wenye watoto wachanga?