Sekunde 149 kati ya Temu na Ondieki

Sisi wa Kisii na Nyamira tumejaliwa milima, ndizi na miguu. Mwaka wa 1968 kule Mexico, Naftali Temu aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000, kwa dakika 29 na sekunde 27. Mwaka wa 1993 mjini Oslo, Yobes Ondieki akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia umbali huo chini ya dakika 27. Alitumia dakika 26 na sekunde 58. (Vipande vya sekunde nimeviacha.) Je, Ondieki alimshinda Temu kwa muda gani?

Ukiingiza 29:27 katika hifadhidata kama maandishi, kompyuta haitakutolea hesabu hiyo. Hata kupanga hupanga kama kamusi. Msichana mmoja wa huku kwetu alikimbia mita 3000 kwa 9:58, lakini kwa orodha akawekwa chini ya wale wa 10:40, eti kwa sababu 1 hutangulia 9! Nusura aachwe nje ya timu.

Dawa ni kuhifadhi sekunde tupu. Temu ana 1767, Ondieki 1618. Toa, unapata 149.

Lakini nani husema "sekunde 149"? Lazima tuzirudishe. Gawanya kwa 3600, na nambari nzima ndiyo saa: hapa ni 0. Baki ligawanye kwa 60 upate dakika, yaani 2. Kinachosalia, 29, ni sekunde. Amri ya kutafuta baki ni MOD, kwa hivyo MOD(149, 60) inakupa 29.

Sasa angalia sifuri, maana hapo ndipo wengi huteleza. Marehemu Kelvin Kiptum alimaliza marathoni ya Chicago mwaka wa 2023 kwa sekunde 7235. Saa ni 2, baki 35, dakika 0. Ukiiruka hiyo sifuri utaandika 2:35, na bingwa atakuwa amechelewa zaidi ya nusu saa! Dakika na sekunde zipewe tarakimu mbili kila mara: 2:00:35. MySQL ina amri tayari, SEC_TO_TIME, lakini si kila programu inayo, basi afadhali ujue hesabu yenyewe.

Na kichwa cha safu andika "muda", usiandike "saa". La sivyo nyanya yako akiona 2:00:35 atadhani Kiptum alifika saa mbili usiku.